Walituita Kutoka Kushoto

Tulikuwa wanawake wanne, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikiwaambia watu kwamba tuliwahi kutembea ukingo wa ziwa kutoka upande wetu mpaka Kongo, hudhani tulikuwa watu wa maji. Hatukuwa. Tulikuwa watu wa mlima. Maji tuliyoyajua ni ya mto, yanayotoka juu kwenye theluji, yanagonga mawe, yanashuka na hayarudi. Ziwa tulikuwa tukiliona kwa mbali tu kutoka mashambani, limetulia chini kule, na tulilitazama bila haja nalo.

Mwaka siukumbuki. Najua reli ilikuwa imeshafika Kasese, maana mume wa mmoja wetu alikuwa dereva wa lori, akipeleka pamba stesheni na kurudi kwetu Bwera na chumvi ya Katwe na samaki wakavu. Mkewe alikuwa Mwislamu aliyezaliwa mbali na hapa, akaolewa Bwera bila kujua neno moja la Lhukonzo, lugha yetu. Kwa ajili yake sisi wengine tulizoea kuzungumza Kiswahili, kile chetu cha sokoni ambacho watu wa pwani wangekisikia wangeshika vichwa. Alikuwa msafi hata akaudhi. Akija kulima alikuja na shuka lake jeupe la kujifunika, akalitundika kwenye mti, na ole wake atakayeligusa kwa mikono ya udongo.

Wa pili tulimwita yule wa Munkunyu, kwa sababu alitoka huko, kando ya mto Nyamugasani. Alikuwa mke wa katekista, mnene, mwenye kicheko kilichotangulia mbele yake njiani, na hakuna jambo asilokuwa na maoni juu yake. Wa tatu ni mimi, ambaye wakati huo nilijulikana kwa mdomo zaidi kuliko kwa jembe. Wa nne alikuwa rafiki yangu tangu utoto, mrefu, mkimya, na habari hii ni yake.

Tulikuwa tunalimiana. Leo wote shambani kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, mpaka pamba ya wote imepaliliwa. Urafiki wetu ulianzia hapo, migongo imeinama na midomo inafanya kazi. Mtu akiwa na jambo linalomuuma, alilisema akiwa ameinama, bila kumtazama mtu usoni.

Mama yake rafiki yangu alikufa akiacha mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Rafiki yangu mwenyewe alikuwa kigoli tu, mgongo wake haujakomaa, lakini ndiye aliyembeba. Alikwenda naye mtoni, shambani, kanisani, akicheza na sisi naye yuko mgongoni. Tukiruka, kichwa cha mtoto kilikuwa kinatikisika nyuma ya bega lake. Mpaka anaota meno, yule mtoto alimwita dada yake mama, na watu wazima wakimsahihisha alilia. Alikua akawa kijana wa maneno mengi, mpenda kofia, asiyeweza kupita sokoni bila kumtania mtu. Alipotaka kuoa na mbuzi wa mahari hawatoshi, akateremka Katwe kufanya kazi kwenye mitumbwi ya wavuvi. Dada yake alimwambia asiende. Akamjibu kwamba samaki hawajawahi kumla mtu.

Dereva ndiye aliyeleta habari. Alisimamisha lori mbele ya shamba tulilokuwa tunapalilia, akashuka, na badala ya kumwendea mkewe akamwendea rafiki yangu. Tukajua hapo hapo. Kiboko alikuwa ameinua mtumbwi kwa mgongo wake, asubuhi, wakitoka kutega nyavu, mbali kidogo na Katwe. Wenzake walishikilia mtumbwi uliopinduka mpaka wakaokolewa. Yeye hakuonekana tena. Waliotafuta walitafuta, wakarudi mikono mitupu.

Kwetu, mtu akipotea majini na mwili usipatikane, hukatwa mgomba. Gogo lake hupimwa kwa urefu wa mtu, likafungwa ndani ya lubugo, ile nguo ya gome la mti, likalazwa kaburini na kuliliwa kama maiti. Baada ya hapo amezikwa. Hakuna kumtafuta tena wala kuuliza wapita njia. Aliyezikwa amezikwa. Watu wa nje huiona desturi hii ya ajabu, lakini mimi nimeona familia zilizokaa miaka bila kujua zilie au zingoje, na najua kwa nini wazee wetu waliiweka.

Baba mdogo wa rafiki yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, akasema tungoje mpaka siku ya soko, kisha mgomba ukatwe. Hakusema kwa ukatili. Alikuwa analia. Rafiki yangu aliwasikiliza wazee mpaka walipomaliza, kisha akasema sentensi moja ambayo bado naisikia.

"Mimi sikubeba mgomba kwa mgongo."

Jioni hiyo alituita nyuma ya nyumba. Alisema anakwenda kumtafuta ndugu yake, amlete nyumbani kabla ya siku ya soko, amzike yeye mwenyewe na mikono na miguu yake. Hakutuomba twende. Sisi ndio tuliosema tunakwenda. Yule wa Munkunyu alikuwa ameshaanza kupanga njia.

"Maji nazijua mimi," alisema. "Nyamugasani ikibeba mutu, wewe hapana tafuta pale alianguka. Unashuka chini, unangoja kwa kona. Mto inamuleta."

Nani angembishia? Wote tulikuwa tumeona hivyo. Mwaka mmoja mafuriko yalimchukua mchungaji mmoja wa mbuzi, na wanaume walikimbia kuteremka bonde, wakampata ameegemea mti uliolala majini. Mbuzi, majembe, hata mlango wa nyumba, chochote kilichochukuliwa na maji kilitafutwa chini, mto unakoshukia. Tukamwuliza dereva maji ya ziwa yanashukia wapi. Akasema kwa jinsi alivyosikia, yanatoka ziwani upande wa Kongo, yanaingia mto Semliki, na Semliki inakwenda kupotelea kwenye misitu.

Rafiki yangu akasimama.

"Kama yeye inaingia Semliki, imekwisha," alisema. "Lazima sisi tufike kwa mlango ya ziwa mbele yake."

Basi, kwetu lilikuwa jambo la wazi kabisa. Yeye yuko njiani, anashuka na maji. Sisi tunatembea kando. Tukiwa wepesi, tutamwahi.

Tuliondoka alfajiri, kila mmoja na kikapu chake mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso kama tunavyobeba sisi watu wa mlima. Mke wa dereva hakuweza kubeba hivyo, akaweka furushi lake kichwani na shuka lake jeupe begani. Tulikuwa na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na maharage yaliyochemshwa bila mafuta ili yasichache. Chini ya kikapu cha rafiki yangu kulikuwa na lubugo mpya iliyokunjwa. Sote tuliiona alipoiweka, na hakuna aliyeitaja.

Tulishuka katika mashamba ya pamba mpaka yakaisha, tukaingia kwenye nyika ya majani makavu na ile miti isiyo na majani yenye mikono mingi inayoelekea juu. Nyati walitutazama, tukazunguka mbali. Mke wa dereva alisoma dua kwa sauti, na yule wa Munkunyu akamwambia aombe taratibu, asije akawaita simba wajiunge na sala. Tulicheka, hata rafiki yangu alitabasamu. Nasema ukweli, tulicheka njiani. Msiba haumzuii mtu kucheka, humfanya aone aibu baadaye.

Jua lilikuwa limepanda tulipotokeza ufukweni. Sikuwa nimewahi kuyaona maji yale kwa karibu, na moyo wangu ulishuka, maana hayakuwa yanakwenda popote. Yalikuwa yanapiga mchanga na kurudi, yanapiga na kurudi. Nakumbuka niliwaza kwamba pengine yanatembea kwa ndani, chini, pasipoonekana.

Upande wa kushoto, si mbali sana, kulikuwa na kituo kidogo cha wavuvi, vibanda vichache vya matete na moshi wa samaki. Wanaume kadhaa walikuwa wamesimama pamoja karibu na maji. Mmoja alituona. Akapunga mkono, kisha wote wakaanza kupunga na kupiga kelele. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kulia, unakwenda kwao, kwa hiyo sauti zilitufikia zimekatika vipande vipande, hazina maneno.

Sasa, msichana wa kwetu wa wakati ule alifundishwa mapema kwamba wanaume usiowajua wakikupigia kelele njiani, hugeuki. Ukigeuka umejibu, na ukijibu umeyataka. Na wavuvi walikuwa na sifa yao.

"Usiangalie," yule wa Munkunyu alisema. "Hawa iliona kanga tu."

"Hawana hata haya," alisema mke wa dereva, akajifunika shuka vizuri.

Rafiki yangu alikuwa ameshageukia kulia, anatembea kwa hatua zake ndefu, macho kwenye maji. Tukamfuata. Kelele zile zilitusindikiza kitambo, kisha zikakoma.

Njia ya ufukweni haikuwa njia ya watu. Ilikuwa njia ya viboko, imechimbika kwa miguu yao, ikipanda na kushuka kila ghuba. Mahali pengine matete yalitufunika, tukatembea tukigonga vijiti ili wanyama watusikie. Mahali pengine tulipandisha kanga mpaka magotini na kupita matopeni, na mke wa dereva, ambaye huko nyumbani angenawa miguu kwa tone la vumbi, alizama mpaka mapajani na hakulalamika. Kila ghuba tulisimama tukaitazama yote. Kila kitu kilichoelea tulikitazama. Gogo. Ndege mwari aliyekufa, mbawa zimetanuka. Jani kubwa la kitu nisichokijua. Kila mara rafiki yangu aliingia majini mpaka kiunoni, naye hajui kuogelea, na mimi nilimshika kanga kwa nyuma. Tulipoona si yeye, alirudi, akajikamua nguo, tukaendelea. Sikujua kama nifurahi au nisikitike kila tulipoona si yeye.

Siku ya pili alianza kuzungumza naye. Si kwa sauti ya wazimu, hapana, kwa sauti ile ile ya mtu anayeita mtoto aliyebaki nyuma. "Polepole," alikuwa akisema. "Wewe ngoja sisi." Yule wa Munkunyu, ambaye hakuna jambo asilokuwa na maoni juu yake, alitembea nyuma yake akilia kimya kimya na hakutoa maoni yoyote.

Tulivuka mto Lhubiriha mahali unapoingia ziwani, na huo ndio mpaka, ingawa maji hayakuwa na alama. Upande wa pili watu walizungumza lugha yetu kwa namna yao, na Kiswahili kwa namna yao zaidi. Walitupa samaki, ngege wa kuchoma. Tuliwauliza kama wameona mtu majini. Wakatikisa vichwa, wakatuonyesha tu njia ya mlango wa ziwa.

Tulifika. Nimeona mengi maishani, lakini pale mahali ziwa linapogeuka kuwa mto sijapasahau. Maji ambayo siku zote zile yalikuwa yanapiga na kurudi, hapo yalianza kwenda. Yalikwenda bila kelele, yamekaza, yote upande mmoja. Rafiki yangu aliyaona yakienda, akaketi chini ghafla. Haya ndiyo maji tuliyoyajua.

Tukangoja. Tulisimama kwenye ukingo, tumeachana kidogo ili tuone upana wote, na hakuna aliyethubutu kufumba macho kwa muda mrefu. Viboko walipita, ndege wakapita. Bundu likaisha. Kila mmoja wetu alikuwa anahesabu kimoyomoyo siku ya soko inavyosogea.

Kisha akaja askari wa Kongo, wa mbuga, na bunduki na kofia nyekundu, amekasirika kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Beye banawake beko nafanya nini hapa? Hapa mutu hapana kaa."

Nikamweleza. Nilitumia Kiswahili changu chote. Alinisikiliza, akatazama maji, na nilidhani amelainika.

"Pole, mama," alimwambia rafiki yangu. "Lakini mukubwa akikuta beye hapa, ni mimi njo atafunga. Barabara ya Kasindi ni hii. Murudi kwenu na hii. Si na ziwa, nimesema."

Rafiki yangu hakubishana. Aliinua kikapu, akatoa lubugo mpya, akaikunjua. Aliingia majini nayo mpaka magotini, pale yanapoanza kwenda, akaiachia. Ilitanda juu, ikajaa maji, ikaenda. Aliitazama mpaka ilipopotea kwenye kona.

"Kama yeye ilipita usiku, nguo itamukuta," alisema.

Tulirudi kwa barabara, kupitia Kasindi na Mpondwe, na hatukuuona tena ufuko. Siku ya soko ilitukuta njiani. Tulipoingia uani kwa baba yake mdogo, watu walikuwa wananawa mikono. Udongo wa kaburi ulikuwa mbichi, na kando yake lilikuwa limebaki shina la mgomba uliokatwa, linatoa maji. Baba mdogo akamshika rafiki yangu, ambaye siku ile alionekana mtoto, akamwambia, "Imekwisha, binti yangu. Sasa yeye amelala." Rafiki yangu alikwenda akaketi mbele ya kaburi kama inavyopasa na akanyolewa kichwa kama inavyopasa. Machozi hayakumtoka, na wanawake wa ukoo walinong'ona juu ya hilo.

Pamba ilikuwa imeanza kupasuka tulipopata habari nyingine. Dereva alikuwa amepakia samaki kwenye kile kituo kidogo cha wavuvi, lori lilipopata njia kavu ya kufika huko, akaona kaburi limezungushiwa mawe meupe ya ufukweni. Akauliza ni la nani. Wakamwambia hawajui, ni mgeni aliyeletwa na maji, kijana wa mlimani kwa sura yake.

Tulishuka tena wanne. Safari hii hakuna aliyecheka. Tulipotokeza ufukweni tuligeuka kushoto, na haikuchukua hata muda wa kuchoka. Nilikuwa najua nakwenda kuumia, lakini sikujua wapi.

Alitupokea mwanamke mmoja mkaushaji samaki, mikono imekomaa kwa moshi. Alitupa vigoda, akatupa maji, na hakuuliza kitu mpaka tumekunywa. Kisha akagusa chini ya kidevu chake.

"Yeye ilikuwa na alama hapa," alisema. "Kovu ya zamani. Fupi."

Rafiki yangu akainamisha kichwa. Lile kovu sote tulilijua, lakini ni yeye tu aliyejua lilivyopatikana, na alilisema hapo kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemwangusha. Alikuwa anacheza na sisi, anaruka, kanga ikalegea, mtoto akaangukia jiwe. Alimfuta damu kwa majani na kuwaambia watu wazima kwamba mtoto aliteleza mwenyewe.

"Ni ndugu yangu," alisema.

Yule mwanamke akamshika mkono. Akatueleza kwamba mwili uliletwa na upepo, si na maji. Ziwa halina chini wala juu, alisema. Mtu akifia ndani, huenda upepo unakokwenda, na msimu ule upepo ulikuwa unasukuma kila kitu kwenye ufuko wao. Nilimtazama yule wa Munkunyu. Alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sisi tulimuosha," mwanamke aliendelea. "Mimi nililia yeye. Mutu hapana ingia kaburi bila mutu wa kulia. Nguo hapana kuwa, tulimufunga na mukeka ya mimi." Kisha akatutazama mmoja mmoja, mimi, mke wa dereva na shuka lake, vikapu vyetu na kamba zake. Uso wake ukabadilika polepole.

"Nyinyi ilikuja siku ile," alisema.

Akanyoosha kidole kwenye vikapu vyetu.

"Bibi wane. Kikapu ya mgongo. Mulitoka kule kwa nyasi. Wanaume ilisema, hawa ni watu ya mlima, labda ni watu yake, waitwe. Ikaita, ikaita. Moja ilikimbia kidogo, lakini nyinyi ilikuwa mbali. Hamukugeuka."

"Yeye ilikuwa wapi saa ile?" rafiki yangu aliuliza.

Mwanamke alitaka kunyamaza. Niliona alivyotaka.

"Pale kwa muchanga," alisema. "Katikati yao. Ilitoka kwa maji ile asubuhi. Tulingoja mpaka jua inaingia, labda nyinyi itarudi."

Sina maneno mazuri ya kusema tulivyojisikia, na sitayatafuta. Mke wa dereva alisimama, akaenda kwenye kaburi, akaliondoa begani shuka lake jeupe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, akalitandika juu ya udongo na kuweka mawe kwenye pembe zake. Lubugo ilikuwa imekwenda Semliki kumfunika mtu ambaye hakuwa huko. Rafiki yangu alilala kifudifudi juu ya shuka lile, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti iliyofanya wavuvi waliokuwa majini waache nyavu. Yule wa Munkunyu alipiga magoti karibu naye na kurudia neno moja tu, nisamehe, na rafiki yangu, akiwa analia vile, alinyoosha mkono akamshika mguu. Hakuwahi kumlaumu, si siku ile wala baadaye. Alisema yeye ndiye aliyegeuka kulia kwanza.

Alimwomba baba mdogo mwili uletwe nyumbani. Wazee walikaa, wakakataa. Mtu mmoja hawezi kuzikwa mara mbili, walisema, na mgomba ukifukuliwa utadai mtu mwingine. Sikuwaunga mkono na sikuwaelewa, na niliwaambia hivyo mbele ya watu, nikakaripiwa. Kwa hiyo ana makaburi mawili. Watu wa ukoo walipalilia lile la uani. Sisi wanne, kila pamba ilipokwisha kuvunwa, tulishuka kwenda lile lingine, tukapanga mawe, tukakaa na yule mkaushaji samaki, tukarudi. Baadaye mke wa dereva alihamia Kasese na miguu ikamgomea. Yule wa Munkunyu alizikwa kwao, karibu na mto wake. Tukabaki wawili, halafu rafiki yangu akaugua, na mwisho nikabaki mimi.

Tangu siku ile ya kituoni, rafiki yangu alikuwa na jambo moja. Mtu yeyote akiita njiani, alisimama. Mchungaji akimwita mbwa, mlevi akimtukana mwenzake ng'ambo ya bonde, mchuuzi akitangaza nyanya, yeye alisimama, akageuka mwili mzima na kikapu chake, akamtazama mwenye sauti, akauliza, "Ni mimi?" Sokoni tulichelewa kwa sababu hiyo. Vijana walimfanyia mzaha, wakamwita makusudi ili wamwone akigeuka, naye aligeuka kila mara, hata kwa wale aliojua wanamdhihaki. Nilipomwambia awapuuze, alinijibu kwamba hawezi kujua ni sauti ipi inayomwita kweli.

Siku hizi Bwera imejaa boda boda. Nikipita stendi, vijana wanapaza sauti, "Mama, twende," wanamwita mtu mwingine kabisa, na mimi nasimama na fimbo yangu katikati ya njia, nageuka, namtafuta aliyeita. Wanacheka, wanasema bibi amezeeka. Mmoja wao, mwenye huruma, hunyoosha mkono na kuniambia, "Hapana wewe, mama, endelea tu." Ndipo naendelea.